Jiwe Moja Kila Zamu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo Supavaiza Aloysius ametupa habari kubwa akiwa bado garini, injini ikinguruma. Uchimbaji wa tuta utakwisha mwezi ujao. Baada ya hapo kampuni itabakiza mlinzi mmoja tu. Mmoja! Atapewa kibanda kipya chenye kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, na kazi ya kuwapokea wageni watakaokuja kuliona kaburi. Mwingine atapelekwa ng'ambo ya barabara, kwenye lango la ghala la vigae vya bafuni, akasimame juani na kuyafungulia malori. Atakayependekeza jina ni Bi Hilwa. Aloysius akasema yalla, akaondoka.

Nieleze kidogo, ili siku nikiwa mtu mkubwa wasomaji wa shajara hii wasipotee. Tuta ni rundo la mawe na mchanga, linanifika kifuani, nalo liko kwenye uwanda wa changarawe nyuma ya viwanda vya Dubai Investments Park. Ndani wamezikwa watu wa zamani mno, miaka elfu nne na zaidi. Palitakiwa kujengwa ghala jingine. Tingatinga likagonga ukuta wa mviringo, mifupa ikachungulia, kazi ikasimama, pakawekwa uzio. Tangu Oktoba nalilinda mimi asubuhi, na saa tisa alasiri ananipokea Yowasi.

Yowasi ni Mganda. Mpole. Hasemi kitu. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bi Hilwa ndiye mkuu wa wachimbaji tangu Desemba, alipochukua nafasi ya mwenzake aliyehamishwa. Ni wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa hapa Dubai tangu enzi za babu yake, na kwao ni Al Twar. Mbele ya watu namwita Madam. Tukiwa wawili naruhusiwa kusema Bi Hilwa, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba huwa nairekebisha sentensi yangu kichwani kabla ya kuitoa.

Mpango wa kwanza: chai. Nilimpikia chai ya kwetu, maziwa mengi, sukari ya kueleweka. Alishukuru sana, akaiweka juu ya ndoo. Adhuhuri ilikuwa bado pale, imeshika utando. Kumbe yeye hunywa chai kavu ya iliki. Nilijua baada ya Yowasi kufika na chupa yake na kummiminia kikombe bila kuuliza swali lolote. Nani alimwambia? Sijui. Mtu asiyesema anasikia mengi.

Mengine ni kama kawaida. Asubuhi niliweka jiwe langu tutani, nikasaini zamu, nikakaa.

Jumanne, 13 Januari

Mpango wa pili: ugunduzi. Mlinzi wa kawaida hukaa kwenye kiti. Mlinzi mwenye maono hugundua vitu.

Nilimwomba Bi Hilwa niwasaidie vijana wa chekeche kwa muda, maana lango lilikuwa kimya. Alikubali. Kazi yenyewe si ngumu. Wanakupa ndoo ya mchanga kutoka kaburini, unauchekecha, mchanga unapita na vitu vinabaki juu. Wenzangu walipata shanga ndogo kama punje za mtama, na kigae cha chungu chenye mistari myeusi. Mimi nilipata mfupa.

Niliuinua juu. Sikupiga kelele, ila nilihakikisha kila mtu ananiona. Bi Hilwa akaja, akavaa miwani, akaugeuza mara mbili kwenye kiganja. Akaniuliza jana nilikula nini mchana. Nikasema biriani, Madam. Akauliza ya kuku? Nikatazama ndoo. Akaninusisha. Bado ulikuwa na bizari.

Si kosa langu. Upepo ulikuwa mkali jana na sahani zile za karatasi ni nyepesi. Bi Hilwa hakukasirika. Alisema tu kwamba tangu leo walinzi wote watakula nje ya uzio. Yowasi alipofika na kuelezwa, alisema yeye siku zote hula nje ya uzio. Alisema polepole, bila ubaya wowote. Nilitamani angekuwa na ubaya, ningepata pa kumshikia.

Jumatano, 14 Januari

Ukungu mzito asubuhi. Minara haikuonekana, viwanda havikuonekana, tuta peke yake lilionekana, limekaa pale kama lilivyokaa kabla ya hayo yote. Ni mahali pazuri. Naandika hili kwa sababu nitakapopata kibanda nataka ijulikane kwamba nilipapenda hata kabla ya kiyoyozi.

Timu imemaliza upande wa magharibi. Leo wamehamia mashariki, na huko ndiko mambo yalikobadilika. Bi Hilwa alipopiga mchanga brashi, alikuta mkusanyiko wa mawe meupe, laini, ya ukubwa mmoja, yamelala juu ya yale mawe makubwa ya kahawia. Alipiga magoti. Akaita vijana. Wakafunga nyuzi za miraba, hakuna kupita tena. Kisha akaniita na mimi, maana nilikuwa karibu, na nilikuwa karibu kwa sababu nilijisogeza.

"Hebu yatazame haya, mwanangu," akasema. "Si mawe ya hapa. Yameletwa."

Alieleza taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa barua ya mpendwa. Kwa mawazo yake, watu wa kale hawakuzika wakaenda zao. Walikuwa wakirudi. Mtu mmoja na jiwe lake, leo huyu, kesho yule, vizazi na vizazi, kuwakumbuka waliolala ndani. Ikithibitika, tuta hili halitajengewa kibanda tu. Litajengewa paa, njia ya mbao na chumba cha maonyesho. Lakini tusiseme sana, akaonya, mpaka aone picha za droni zilizopigwa Septemba, kabla hata ya uzio. Ameziomba ofisini, zitafika Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo amewaalika maprofesa wawili waje wajionee.

Mimi nilijitahidi kutoa mchango. Nilimwambia watu wa zamani walikuwa na heshima kuliko sisi. Akasema kweli kabisa. Nikaongeza kwamba mtu anayemletea marehemu jiwe zuri namna ile lazima alikuwa mtu wa tabia njema, pengine kiongozi. Akatabasamu, akamwambia kijana wa picha kwamba huyu mlinzi ana moyo wa kazi hii. Mbele ya watu! Nilitembea nikirudi langoni kama niliyekwisha kalia kile kiti.

Saa tisa Yowasi akaja. Niliingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa lango nimkabidhi.

Nikagusa jiwe. Jeupe, laini. Jiwe langu la leo, ambalo sikupata nafasi ya kuliweka kwa sababu ya zile nyuzi.

Sikula chakula cha jioni.

Alhamisi, 15 Januari

Nitaandika kwa utulivu.

Kwetu Kajiado, ukipita penye kaburi la mtu wa heshima hulipiti hivihivi. Unaokota jiwe, unaongeza. Nilipokuwa mdogo nililipita moja nikikimbia na bibi yangu akanivuta sikio kutoka pale mpaka nyumbani. Kwa hiyo siku ya kwanza kupangiwa tuta hili, nilitafuta jiwe. Pale uwandani kuna changarawe tu. Mawe ya tuta lenyewe hayafai. Huwezi kumzawadia mtu jiwe lake mwenyewe. Lakini mbele ya ghala la vigae kuna bustani ndogo ya maua, na maua yamezungushiwa mawe meupe mazuri. Napita hapo nikitoka kwenye kituo cha basi. Basi nachukua moja. Jiwe moja kila zamu, naliweka upande wa mashariki kwa sababu ndiko jua linakotoka na ndiko bibi alikoelekea akiomba. Halafu tangu Novemba upepo ukawa unakuja na vumbi lake kila siku, unayafunika vizuri. Sikuwahi kulifikiria jambo hili kama kosa. Sikulifikiria kabisa, kama mtu asivyofikiria kujifunga kamba za viatu.

Nikimwambia, ninakwenda kufungulia malori. Nisipomwambia, Jumatatu zinafika picha.

Lakini leo adhuhuri mbingu zilinihurumia. Vijana walikuwa wakiyapa mawe namba, kila moja na kibandiko chake. Nilisimama karibu nikifuatilia. Wakafika idadi ya zamu zangu, wakapita. Wakaendelea. Yalipokwisha, yalikuwa karibu mara mbili ya yale niliyoweka mimi!

Nilikaa chini kwa furaha. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mengine ni ya kale kweli. Watu wale walifanya jambo lilelile ninalofanya mimi, mahali palepale, kwa mawe meupe yaleyale. Tuna ladha moja. Sikuharibu ushahidi, nimeuongezea tu, kama mtu anayezidisha maji kwenye mchuzi wakifika wageni. Mchuzi unabaki kuwa mchuzi.

Linabaki jambo moja dogo. Kama profesa mmoja ataamua kunyoosha miguu mpaka ng'ambo ya barabara, ataona bustani ya ghala. Hilo halifai kutokea.

Ijumaa, 16 Januari

Mpango wa tatu, na bora kuliko yote.

Ijumaa timu huondoka mapema kwa sala, na ghala la vigae hufungwa. Bi Hilwa alipoondoka tu, na Yowasi alipokuja kunipokea mapema kwa sababu nilimwomba, nilivaa koti langu la reflekta nikavuka barabara na ndoo. Nia: kuondoa mawe yote meupe yaliyobaki bustanini. Bila bustani hakuna cha kulinganisha.

Ndoo ya kwanza haikuonekana hata imepunguza kitu. Ya pili vilevile. Nilikuwa nimeinama, jasho linatiririka, niliposikia mtu akikohoa. Mtunza bustani wa ghala, mzee wa Peshawar kule Pakistani, ndevu nyekundu za hina. Nilidhani nimekwisha. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha langoni, kwamba ni Madam wa kaburi anayeyahitaji, kwa kazi ya serikali, siku chache tu. Alifikiri kidogo. Kisha akasema inshallah, akaenda zake, na nikajua amekwenda kuita watu.

Alirudi na toroli.

Tukafanya kazi pamoja mpaka bustani ikabaki udongo mtupu. Mtu mwema sana. Alisisitiza kuyasukuma mwenyewe mpaka nyuma ya kibanda chetu, akanisaidia kuyafunika kwa turubai. Yowasi alitazama yote hayo akiwa ameketi. Akauliza kama anaweza kusaidia. Nikamwambia ni mambo ya ofisi. Akasema sawa, akaendelea kumenya chungwa.

Mgongo unauma. Lakini mtu hapati kiyoyozi bila kutoka jasho kwanza.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya mapumziko. Nilikwenda Al Nahda kwa binamu yangu Teresiah, anayeishi na wenzake sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, na bado jikoni mwake ni safi kuliko kibanda chetu chenye watu wawili wanaopokezana. Alikuwa amepika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye chungu chake cha udongo, kile alichokinunua sokoni Sharjah na ambacho haruhusu mtu mwingine kukiosha.

Nilimsimulia yote. Nilitegemea ushauri wa maana. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akaniambia niende kwa huyo mama Jumatatu asubuhi kabla ya wageni, nimwambie. "Ongea tu, Onesmus. Atakasirika dakika mbili, halafu itaisha. Ukingoja ajue mwenyewe, hapo sasa utajua haujui."

Nilimweleza kwamba haelewi mambo ya ofisi. Nilimweleza habari ya mawe yaliyozidi, kwamba nusu ni ya kale. Akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia hesabu haidanganyi. Akaniongezea githeri, akanitazama kama bibi alivyokuwa akinitazama.

Teresiah ni mtu mzuri lakini hana maono.

Jumapili, 18 Januari

Zamu ya kimya. Hakuna wachimbaji. Kulikuwa na kiubaridi kizuri, na mbayuwayu kadhaa waliokuwa wakicheza juu ya tuta. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikajizoeza kuwapokea wageni. Karibuni. Tafadhali msikanyage. Hawa hapa ni watu wa miaka elfu nne iliyopita, na mimi ni Onesmus.

Saa tisa Yowasi akaja. Akasalimia, akapokea ufunguo. Halafu akabaki amesimama, anazungusha kitu mkononi. Akasema ana swali, kama si usumbufu, akaanza na ssebo, yaani bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, tangu waweke zile nyuzi, sisi jiwe la zamu tunaliweka wapi?"

Nikamuuliza jiwe gani. Akafungua kiganja. Jeupe, laini, la tangu Jumatano.

Kumbe siku yake ya kwanza hapa, mwezi Oktoba, alifika mapema, akaniona nikitoka tutani baada ya kuweka jiwe. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kuliweka. Alidhani ni utaratibu wa kampuni. Kwamba kila anayeingia zamu anaweka jiwe, ili supavaiza akipita ajue lindo halikukatika. Hakuna aliyemwambia, lakini yeye si mtu wa kungoja kuambiwa kazi. Akatafuta mawe kama lile, akayaona kwenye bustani ya ghala, naye akachukua hapohapo. Jiwe moja kila zamu. Hajakosa hata siku moja.

Nilikaa chini tena, safari hii bila furaha. Hesabu haidanganyi, ni kweli. Nusu yangu, nusu yake. Wale watu wa kale hawakuweka hata moja.

Yowasi akasema atamuuliza Madam kesho. Nilimshika mkono. Nilimwomba asiseme lolote. Nikatunga hapohapo: lori la mawe ya bustani lilipita hapa mwezi Novemba, siku ya upepo mkali, likayumba, mawe yakamwagika, yakarukia tutani. Tuliogopa kusema. Nilimweleza mara mbili, na mara ya pili niliongeza rangi ya lori. Alisikiliza vizuri sana. Akauliza lori lingepitaje ndani ya uzio. Nikamwambia lilikuwa refu. Akasema sawa.

Ile sawa yake sikuipenda.

Jumatatu, 19 Januari

Yamekwisha. Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Maprofesa walifika saa nne na Bi Hilwa, mmoja amevaa kofia pana, mwingine kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Yowasi alikuwepo pia, ingawa zamu yake haijafika. Aloysius alitaka walinzi wote wawili wawe nadhifu langoni. Niliona mara moja kwamba Bi Hilwa hatembei kama Jumatano. Alikuwa amezipata picha akiwa njiani. Akawaonyesha wageni kwenye simu, akaipitisha na kwetu. Tuta la Septemba, limepigwa kutoka angani, kila kitu wazi. Upande wa mashariki, mawe ya kahawia. Jeupe hata moja hakuna.

Akatuuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna mmoja wetu anayejua lolote.

Nikasonga mbele. Nikaanza habari ya lori. Nilikuwa nimefika kwenye upepo, na haikuwa ikienda vibaya, nilipoona macho yake yamepita bega langu. Nikageuka. Mzee wa Peshawar alikuwa langoni na toroli lake tupu. Akatoa salamu kwa wote, akasema meneja wake amerudi na anauliza mawe ya bustani yako wapi, na kama Madam amekwisha kuyatumia. Akaelekea nyuma ya kibanda bila kungoja, akavuta turubai.

Profesa wa kofia alisema kitu kwa Kiingereza ambacho sitakiandika.

"Na haya nayo yalirushwa na lori?" akauliza Bi Hilwa.

Hapo Yowasi akavua kofia yake, akaeleza. Hakulaumu mtu. Alisema walinzi huweka jiwe moja kila zamu, kwamba alidhani ndiyo kazi, kwamba kama alikosea anaomba radhi, na alitaka tu kujua sasa liwekwe wapi. Alilitoa mfukoni lile alilonionyesha jana, akamkabidhi.

Bi Hilwa alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliligeuza lile jiwe kiganjani. Uso wake ule wa Jumatano niliuona ukimtoka, na mimi ndiye niliyeuondoa, mbele ya wageni aliowaita mwenyewe. Niliona haya. Naliandika neno hilo mara moja na sitalirudia.

Mwisho akaniuliza mimi, si Yowasi, la kwanza kabisa niliweka kwa nini. Nikamwambia kweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine tayari. Kajiado, kaburi, bibi, sikio. Nikasema nilidhani hawa hapa hawana mtu wa kuwapitia.

Bi Hilwa akawatafsiria wale wawili. Yule wa kanzu akatikisa kichwa taratibu, akasema Allah yarhamhum, Mungu awarehemu, akalitazama tuta kwa mara ya kwanza tangu afike. Bi Hilwa akasimama, akakung'uta baibui lake.

"Masikini, wamelala miaka elfu nne," akasema, "na wageni wao wa kwanza ni nyinyi wawili, na mawe ya bustani." Halafu akasema yote yatolewe, na ataandika kwenye ripoti kama yalivyo: mawe ya walinzi. Na kwamba biriani angeweza kuisamehe, na mawe pia. Lori ndilo linalomsumbua.

Jumanne, 20 Januari

Aloysius alikuja asubuhi. Hakushuka garini. "Bana, wewe nilikupatia site imetulia hivi, mpaka maiti hawaongei. Bado ukaiharibu?" Nikamwambia ni mambo ya utamaduni. Akasema khalas, ingia.

Yowasi anabaki, na sasa zamu ya asubuhi ni yake. Bi Hilwa ndiye aliyempendekeza, kwa sababu, Aloysius alisema, aliulizwa akajibu. Mimi nimepelekwa ng'ambo ya barabara. Safari ya gari haikuchukua muda. Ningeweza kutembea, lakini nadhani alitaka nijisikie nimehamishwa.

Kazi yangu ya kwanza kwenye lango la ghala la vigae ilikuwa kuyarudisha mawe meupe kwenye bustani. Yote. Mzee wa Peshawar alinisaidia. Yale ya tutani bado yana namba, na meneja anataka vibandiko vitoke. Havitoki kirahisi. Wanaakiolojia wanatumia gundi nzuri sana.

Saa kumi Yowasi akavuka barabara na chupa ya chai. Ya maziwa mengi. Sikumwuliza amejuaje. Nilikunywa vikombe viwili nikiwa nimenuna, na yeye akakaa kando yangu akibandua namba kwa ukucha.

Alhamisi, 22 Januari

Jua kali mchana. Malori mengi. Kiti hakizunguki. Hakuna kiti.

Asubuhi nilipotoka kwenye basi nilipita kwanza kwenye tuta. Sikuwa na mpango wowote, miguu tu. Nilisimama nje ya uzio na jiwe mkononi, la kahawia, nimeliokota karibu na ninakolala ili meneja asiseme. Nikaliweka chini ya nguzo ya lango, nje kabisa, mahali ambapo hata Bi Hilwa hawezi kunilaumu. Ndipo nikaona jingine limetangulia pale. Yowasi alinipungia mkono kutoka kwenye kiti cha kuzunguka, kilicholetwa kabla ya kibanda chenyewe. Nilifurahi, nakiri. Nimewazoea wale watu waliolala mle ndani kuliko nilivyojua.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi leo nimeona kitu.

Nyuma ya ghala la vigae, karibu na ukuta wa jirani, kuna kichuguu cha udongo na mawe. Kina umbo la mviringo kamili. Kinanifika kifuani. Mzee wa Peshawar anasema ni kifusi kilichomwagwa walipojenga choo cha wafanyakazi, lakini yeye ni mtu wa maua, si mtu wa akiolojia. Mimi nimefanya kazi kwenye fani hii tangu Oktoba. Najua tuta ninapoliona. Na tuta likipatikana huku, huku nako kutahitaji kibanda.

Kinachokosekana ni vigae vya chungu tu, na Teresiah ana kile chungu chake cha Sharjah. Nitamwomba Jumamosi, bila kumchosha na maelezo.

Leo jioni, kabla ya kuondoka, nilihakikisha hakuna anayetazama, nikaweka jiwe la kwanza. Jeupe. Upande wa mashariki.